Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa jimbo la Manitoba, Kanada: tufundisheni na sisi tuliokuja juzi

Mheshimiwa Waziri, salamu nyingi. Mimi ni mhudumu wa wagonjwa hapa Winnipeg, wale tunaoogesha watu, kuwalisha na kuwageuza kitandani. Naandika Kiswahili makusudi, maana kwenye shifti za usiku tumejaa watu wa Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania na hili jambo la wenyeji wa asili kubaguliwa hospitalini linatuhusu na sisi, ofisini kwako mtu wa kutafsiri hatakosekana.

Mikutano yenu inaanza na yale maneno ya kukiri kwamba tuko kwenye ardhi ya Mkataba Namba 1, ule wa 1871 kati ya serikali ya Malkia na wenyeji wa asili. Tarehe 30 Septemba tunavaa tisheti za orenji kukumbuka watoto wa wenyeji wa asili walionyang'anywa wazazi wao wakapelekwa shule za bweni. Sipingi hata kidogo, navaa na mimi. Ila mgonjwa haya maridhiano na wenyeji wa asili anayapima pale mapokezi emajensi, kama kuna mtu kamtazama usoni au la.

Brian Sinclair, mwenyeji wa asili, hakutazamwa. Septemba 2008, mtu wa miaka 45, miguu yote miwili imekatwa, yuko kwenye kiti cha magurudumu, kaja Health Sciences Centre, hospitali kubwa ya hapa Winnipeg, na barua ya daktari, kibofu kina shida, akakaa pale masaa 34. Akatapika, waliokuwa wanasubiri naye wakaenda kuwaambia wafanyakazi na bado, mpaka anakuja kuguswa ameshakufa na mwili umekakamaa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa maambukizi ya kibofu jamani, mpira wa mkojo unabadilishwa, antibayotiki, mtu anarudi kwake! Baadaye baadhi ya wafanyakazi wakasema walidhani kalewa tu, au hana pa kulala. Miaka 12 mbele, kule jimbo la Quebec, Joyce Echaquan, naye mwenyeji wa asili, mama wa watoto saba, akajirekodi laivu Facebook akitukanwa kitandani na waliotakiwa kumtibu, akafa siku hiyohiyo.

Sasa Mheshimiwa, kinachoniuma ni hiki. Mtu anashuka ndege, anasoma kozi yake fupi, anaingia wodini hajui lolote kuhusu Wacree wala Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa hapa, na darasa lake la kwanza linakuwa chumba cha chai, hawa walevi, hawa wanapewa kila kitu bure, na anaamini kwa sababu hakuna aliyemwambia tofauti. Ndo ubaguzi wa watu wengine unahamia kwetu hivyo, sisi ambao babu zetu walitawaliwa na tunajua kabisa inavyouma. Tume ya Ukweli na Maridhiano, ile iliyochunguza hizo shule za bweni, ilishaliona hili 2015, kwenye ile miito yao 94, wito wa 23 unataka wahudumu wote wa afya wafundishwe, na wa 93 unataka wahamiaji tuelezwe historia ya hawa watu. Kubofya slaidi onlaini ukiwa na usingizi sio kufundishwa.

Tuleteeni wazee wao wenyewe watusimulie. Watuambie habari za Clearwater Lake kule karibu na The Pas, hospitali walizotengewa wagonjwa wa kifua kikuu "Wahindi", ndivyo wenyeji wa asili walivyoitwa, wakakaa miaka mbali na nyumbani na wengine hawakurudi. Ukishasikia hayo, bibi akigoma kulazwa huandiki kwenye faili "mkaidi", unavuta kiti unakaa naye.

Na yule bibi mara nyingi kaletwa na ndege kutoka kaskazini, hana ndugu hapa, saa nane usiku anaongea Kicree na mimi nabaki kumpapasa mkono. Wakalimani wa Kicree na Kiojibwe, lugha ya Waanishinaabe, wawepo usiku kama mchana. Halafu tangu 2023 tunauliza wagonjwa asili yao, basi toeni hadharani, hospitali moja moja, nani anasubiri masaa mangapi na nani anaondoka hajatibiwa.

Mafunzo yalipiwe kama saa za kazi, wengi wetu tuna kazi mbili. Naomba utujibu hadharani, na uweke tarehe ya kuanza hao wakalimani wa usiku.