Apimwe mimba kwanza, ndipo aandikiwe dawa

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti hili miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, lakini ile habari yenu ya mama aliyefia njiani akikimbizwa hospitali ya wilaya imenishinda. Mliandika kwamba aliugua tumbo ghafla, mkaishia hapo. Mwanamke wa umri wa kuzaa akiumwa tumbo la chini halafu akazimia, cha kwanza kuulizwa ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hamkuuliza.

Mdogo wangu nusura tumzike kwa ugonjwa huo. Alikwenda zahanati ameshika tumbo la chini upande wa kushoto, damu inamtoka matone matone na siku zake zimepita. Akaambiwa ana UTI, akachomwa sindano, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Usiku akaanza kulalamika bega, mama akamkanda kwa maji ya moto. Nani alituambia kwamba damu ikimwagika tumboni maumivu hupanda begani? Kulipokucha viganja vyake vilikuwa vyeupe na hawezi kukaa. Walipompasua walikuta mrija wa uzazi umechanika, tumbo limejaa damu. Zaidi ya 9 kati ya 10 ya mimba hizi hutunga kwenye mirija, na mrija hautanuki kama kizazi, kwa hiyo wiki chache tu zinatosha kuua. Na yote hayo kwa kukosa kipimo cha mkojo cha dakika tano, ambacho hakifiki bei ya sahani ya chipsi!

Halafu kuna haya matusi. Binti asiye na mume akitokwa damu, anaulizwa kwa sauti kubwa ametolea wapi mimba, foleni nzima inasikia. Ndiyo maana wanaficha kwamba siku zimepita, na tabibu anakosa jambo alilolihitaji kuliko yote.

Naomba waganga wakuu wa wilaya wabandike karatasi juu ya meza ya kila tabibu, si nyuma ya mlango: mwanamke wa miaka 12 hadi 50 anayeumwa tumbo apimwe mimba kabla ya kuandikiwa dawa, hata akisema ana kitanzi au amefunga kizazi, maana mimba ikishika katika hali hiyo ndiyo ya kushukiwa zaidi. Ikionekana mimba na tumbo bado linauma, asirudishwe nyumbani bila altrasaundi. Kama mashine haipo, apewe gari la wagonjwa usiku huo huo, na gari hilo liwe na mafuta.

Msomaji wenu,
Tanga