Barua kwa Ouma: kufunga mkataba na aliye kilindini

Aberdeen, Uskoti

Mdogo wangu Ouma,

Salamu kwako, kwa Mama na Baba, na kwa wote hapo Mamboleo. Sisi huku tu wazima, ila baridi haijatuacha.

Umeniuliza kama mchawi wa mkataba (warlock, anayepata uchawi kwa kuahidiana na kiumbe chenye nguvu) aliyejifunga kwa kiumbe cha kilindini anafaa katika mchezo wenu wa Dungeons & Dragons wa Jumamosi, ule wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, au ni urembo tu. Anafaa sana, mradi ujue nguvu zake zinakaa wapi. Zinakaa kwenye tendo la ziada, lile dogo unaloruhusiwa mara moja katika zamu yako. Ukilitumia kwa mambo mengine utabaki mchawi wa kawaida anayejua kuogelea.

Muulize kwanza msimamizi wa mchezo mnafuata kanuni zipi. Mkataba huu umo katika kitabu cha nyongeza cha 2020, Tasha's Cauldron of Everything, na kwa kanuni za 2014 unaufunga tangu ngazi ya 1. Mkicheza kwa kitabu cha 2024 itabidi usubiri ngazi ya 3. Naandika kwa kanuni za 2014 kwa sababu ndizo ulizonipigia picha.

Sasa mnyiri, yaani mkono wa pweza. Kwa tendo la ziada unauotesha mnyiri wa pweza wenye urefu wa futi 10, mahali popote unapopaona ndani ya futi 60. Hauhitaji maji, utaota hata katikati ya barabara kavu. Ukitokea tu, unarusha dadu ya shambulio dhidi ya kiumbe kimoja kilicho ndani ya futi 10 kutoka mnyiri ulipo. Ukimpata, anaumia kwa baridi kiasi cha dadu moja ya pande 8, na mwendo wake unapungua futi 10 mpaka zamu yako inayofuata ianze. Mnyiri hudumu dakika 1, yaani raundi 10, na kila zamu unaweza kuusogeza futi 30 na kupiga tena, kwa tendo la ziada lilelile. Hauli umakini wako, ule unaokuwezesha kushikilia uchawi mmoja tu kwa wakati. Idadi ya kuuita kwa siku ni sawa na bonasi yako ya ujuzi: mara 2 mpaka ngazi ya 4, mara 3 kuanzia ya 5, na inarudi baada ya pumziko refu tu. Kwa hiyo usiuite kumkimbiza panya.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanachukua Hex, laana inayoongeza madhara kwa adui mmoja, kwa kuwa kila mtu aliwaambia mchawi wa mkataba lazima awe nayo. Hex inataka tendo la ziada kuiweka, tendo la ziada tena kuihamisha adui akifa, inakula umakini, na inameza nafasi moja ya uchawi, yaani ruhusa moja ya kufanya uchawi kabla ya kupumzika, wakati wewe una moja tu ngazi ya 1 na mbili kuanzia ya 2 hadi ya 10. Kila raundi ya kuiweka au kuihamisha utalazimika kuchagua kati yake na mnyiri. Mimi ningeiacha. Chukua Armor of Agathys: kwa kanuni zenu inatumia tendo la kawaida, haitaki umakini, inakupa pointi 5 za uhai za muda, na anayekupiga kwa karibu anarudishiwa madhara 5 ya baridi.

Tendo lako la kawaida liwe Eldritch Blast, uchawi wa kurusha miale. Ukifika ngazi ya 2 chagua Repelling Blast, inayomsukuma adui futi 10 kwa kila mwale unaompata. Fanya hesabu ya ngazi ya 5, ukiwa na miale miwili: adui yuko futi 10 mbele yako, miale yote inampata, anaishia futi 30. Kama mwendo wake ulikuwa 30, mnyiri umeushusha hadi 20. Akija atakomea futi 10 kutoka kwako, na upanga haufiki. Atalazimika kuacha kushambulia ili akimbie. Anza na mnyiri, halafu miale. Ukianza na miale adui anaweza kusukumwa nje ya mahali mnyiri unapoweza kumfikia.

Jambo lingine linalosomwa vibaya ni orodha ya uchawi wa mkataba. Lightning Bolt, Sleet Storm, Silence na wenzao hupewi bure. Vinaongezwa tu kwenye vile unavyoruhusiwa kuchagua. Na ukichagua Silence, kumbuka nawe ukiwa ndani yake hutaweza kutamka kitu. Sleet Storm, dhoruba ya barafu, ni nzuri ya kutorokea, ila inafunika duara la nusu kipenyo cha futi 40, na wenzako watateleza humo humo pamoja na maadui.

Ngazi ya 6 unapata kitu ninachokipenda kuliko vyote: wewe au mtu unayemwona akiumizwa akiwa ndani ya futi 10 za mnyiri, unatumia tendo la kujibu kupunguza maumivu kwa dadu ya pande 8. Kwa hiyo acha tabia ya kuuotesha mnyiri nyuma ya maadui. Uweke ubavuni mwa mpiganaji wenu wa mbele, umfikie yeye na umfikie adui. Ngazi ya 10 dadu zote za mnyiri zinakuwa mbili. Ya 14 unawachukua hadi watano walio radhi na kuibukia ndani ya maji, au kando yake, ndani ya maili 1. Lazima uwe umeyaona hayo maji, na yasipungue ukubwa wa bwawa. Kwa hiyo kila mkipita, mwambie msimamizi kwa sauti: nimeliona hilo bwawa.

Majini penyewe wewe unapumua na kuogelea futi 40. Wenzako hawana hayo. Wanazuia pumzi dakika 1 pamoja na nyongeza yao ya siha, halafu wanaanza kuzama. Panga na rungu zao zinarushiwa dadu mbili na kuchukua ndogo, isipokuwa kisu, mkuki, upanga mfupi na mfano wa hizo. Moto nao unapungua nusu. Tafuteni mtu wa Water Breathing, uchawi wa kupumulia majini: inabeba watu 10 kwa saa 24, na ikifanywa polepole kama ibada haigharimu nafasi ya uchawi.

Kuhusu bwana wako, yaani kiumbe utakayefunga naye mkataba, kitabu kinataja kraken (dubwana la baharini), roho kongwe ya maji na wengineo. Kwa nini uagize wa mbali? Usome juu ya Onyango Dunde wa Alego, aliyesema mwaka 1913 kwamba joka kubwa la ziwani lilimmeza, likamtema, likajitambulisha kuwa Mumbo, mwenye makao juani na ziwani. Tazama muundo: kumezwa, kurudishwa, ujumbe, na masharti mwilini, kwani wafuasi waliambiwa wafuge nywele na kuvaa ngozi. Jina lenyewe usilitumie. Ile ilikuwa imani ya watu, na serikali ya kikoloni iliwatesa kwa ajili yake. Chukua muundo tu. Nyamgondho wa Gwassi ni hadithi, huyo mtumie utakavyo: mwanamke anavuliwa ziwani, utajiri unakuja, mume anamtukana, na ng'ombe wote wanamfuata mwanamke huyo majini. Huo ni mkataba wenye sharti moja, na msimamizi anajua adhabu tangu siku ya kwanza. Mwombe akuwekee sharti la namna hiyo, dogo na rahisi kuvunjwa ukikasirika.

Dadu za pande 8 nitampa shangazi akija Desemba. Kwa sasa tumia sarafu tatu zilizo na wanyama: upande wa mnyama kwenye shilingi kumi ni 4, kwenye tano ni 2, kwenye moja ni 1, jumlisha, kisha ongeza 1. Inatoa 1 hadi 8 kwa usawa kabisa.

Dada yako,
Achieng