Nondo za varanda zinaliwa na chumvi: tuzibe au tubomoe?

Mhariri, salaam.

Naomba ushauri wa mafundi na wahandisi waliozoea nyumba za Kigamboni upande wa Feri, hapa ng'ambo ya Magogoni. Varanda ya ghorofani inayotazama mlango wa bandari inameguka zege kwa chini, na nondo za milimita 12 zimetokeza zikiwa na kutu.

Sababu inajulikana. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ikasukuma zege mpaka likapasuka. Zege lililofunika nondo lina milimita 15 tu, ilhali kwenye upepo wa bahari hutakiwa kama 50. Biskuti (vipande vidogo vya zege vya kuinua nondo) hazikuwekwa, nondo zikalala juu ya mbao za kumwagia zege. Na kama lilikorogwa kwa maji ya kisima (vingi huku vina chumvi), basi chumvi imo tangu mwanzo.

Fundi mmoja anataka kugonga palipolegea, kupaka rangi ya kuzuia kutu na kupiga plasta. Hapo hapana: plasta juu ya kutu itamwangukia mtu. Wa pili anataka kuchimba mpaka sentimita 2 nyuma ya nondo, kusugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kuosha kwa maji ya bomba, na palipoliwa zaidi ya robo kuongeza nondo inayopishana na nzima sentimita 50 kila upande. Kisha zege jipya, limwagiliwe siku 7. Kazi safi, ila zege la zamani pembeni bado lina chumvi. Nondo ikiwa nusu humo na nusu kwenye zege jipya hufanya kazi kama betri, kutu ikahamia kandokando ya kiraka. Je, yupo aliyefunga vipande vya zinki kwenye nondo (viliwe vyenyewe badala ya chuma) kuzuia hilo, na Dar vinapatikana wapi?

Jambo la pili linanitia hofu zaidi. Varanda imechomoza mita 1.2 bila nguzo, kwa hiyo nondo zinazobeba mzigo hasa ni za juu, nazo ziko chini ya vigae. Kugonga kwa nyundo kutafuta zege lililoachana hakunisaidii, maana kigae kilichoachia hutoa sauti ileile ya uwazi. Ving'olewe vyote, au mistari miwili karibu na ukuta inatosha?

Tukibomoa, nondo mpya zitachomekwa kwa gundi ya epoksi kwenye boriti ileile ya zamani inayoshika varanda ukutani. Boriti hiyo ipimwe chumvi kwanza kwa njia gani?

Kwa sasa mirunda imeshika ukingo, na juu hakanyagi mtu.

Msomaji, Kigamboni