Matusi ya mwalimu nayo yaandikwe kitabuni

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa kazini hadi sasa nimestaafu, na sijawahi kuliandikia barua. Taarifa yenu ya mwezi uliopita kuhusu yule mwalimu wa sekondari aliyerekodiwa akiwatukana wanafunzi wake, ambaye mwishoni tuliambiwa amechukuliwa hatua kwa kuhamishiwa shule nyingine, imenifanya nishindwe kunyamaza. Kumhamisha mwalimu wa aina hiyo si kumwadhibu. Wanafunzi wa alikotoka wamepumua, wa alikokwenda wamepelekewa balaa, na wazazi wao hawakuambiwa neno.

Jambo hili limeingia hadi nyumbani kwetu. Mtoto wa marehemu kaka yangu anasoma kidato cha pili katika shule ya serikali ambayo sitaitaja, na mama yake, wifi yangu, hukaanga vitumbua alfajiri na kuviuza karibu na kituo cha daladala. Sare na madaftari ya mtoto hutoka hapo. Mapema mwaka huu, katika kipindi cha hisabati, mtoto huyo alinyoosha mkono na kumwomba mwalimu arudie hatua moja ya mlinganyo uliokuwa ubaoni. Mwalimu alimwamuru apande juu ya kiti, akawataka wenzake wamtazame vizuri, kisha akamwambia kwamba hesabu si za watoto wa wauza vitumbua, na kwamba ingekuwa heri arudi nyumbani akashike chuma cha mama yake. Akanyamaza mpaka darasa lilipocheka. Mtoto aliachwa juu ya kiti hadi kengele ilipogongwa, na tangu siku hiyo wenzake wanamwita Kitumbua.

Yeye mwenyewe hakutuambia kitu. Wifi yangu ndiye aliyeanza kuona kwamba mwanawe, ambaye zamani alikuwa akipita kila asubuhi kumsalimia na kuchukua viwili vya kula njiani, sasa anazunguka njia ya nyuma ya soko. Nilipolifungua daftari lake la hisabati nilikuta tarehe imeandikwa kila ukurasa, kichwa cha mada kimepigiwa mstari kwa rula, na chini yake majibu matupu yaliyonakiliwa ubaoni bila hatua hata moja ya kuyafikia. Alikuwa ameacha kuuliza, na kwa hiyo alikuwa ameacha kujifunza.

Tulikwenda shuleni, mimi na wifi yangu. Mkuu wa shule alitupokea kwa heshima, akatusikiliza, kisha akatueleza kwamba huyo ndiye mwalimu pekee wa hisabati aliyenaye, kwamba akibanwa ataomba uhamisho, na kwamba ukali wake ndio unaofaulisha. Mwalimu alipoitwa alisema sentensi moja tu, na aliisema kwa kujiamini: "Sikumgusa mtoto wenu hata kwa ukucha." Kikao kikaishia hapo, kana kwamba mtu ambaye hakugusa hakufanya kosa.

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji na wahusika wanielewe. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka kiboko kitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Najua kwamba kanuni hizo zinavunjwa. Mwaka 2016 nchi nzima iliona video ya walimu waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo wakimshambulia mwanafunzi huko Mbeya, na mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu. Lakini angalau kwa kiboko kuna kipimo, kuna kitabu, na mzazi ana mahali pa kuanzia anapolalamika. Kwa ulimi wa mwalimu hakuna kitabu, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inakataza mtoto kutendewa jambo lolote la kumdhalilisha, wala haisemi kwamba udhalilishaji huanza pale fimbo inapoinuliwa. Mtoto aliyesimamishwa juu ya kiti na kutukaniwa mama yake mbele ya darasa zima amedhalilishwa, na mtu mzima mwenye cheti cha ualimu anayeshindwa kuliona hilo hafai kuachiwa watoto wa watu.

Aibu hiyo hiyo inatolewa hata mstarini. Tangu mwaka 2016 tunaambiwa elimu ni bila malipo, kwanza hadi kidato cha nne na sasa hadi kidato cha sita, lakini bado katika shule hiyo yanasomwa majina ya wanafunzi ambao wazazi wao hawajatoa mchango wa chakula, wakitakiwa wasogee mbele wenzao wawaone. Mchango huo ni makubaliano ya wazazi na shule. Mdaiwa ni mzazi, na namba yake ya simu shule inayo. Kwa nini mtoto ndiye asimame juani?

Ninaloomba ni hili. Kitabu cha adhabu kinachotakiwa kuwapo katika kila shule kiongezewe sehemu ya maneno: tarehe, kipindi, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, aliyeyatamka na aliyetamkiwa. Kitunzwe na mwalimu wa malezi, si na mtuhumiwa wala rafiki yake, na mwanafunzi au mzazi aruhusiwe kuandikisha bila kuulizwa kama ana shahidi. Ushahidi utatafutwa baadaye na wenye kazi hiyo. Kisomwe katika kila kikao cha bodi ya shule, na nakala yake ipelekwe Tume ya Utumishi wa Walimu ngazi ya wilaya. Mwalimu akihamishwa, kurasa zake zimfuate ndani ya jalada lake. Na likithibitika kosa, kabla ya onyo au karipio lolote la maandishi, mwalimu arudi katika darasa lile lile, kipindi kile kile, amwombe radhi mtoto kwa jina lake la kwenye rejista, mzazi akiwapo. Wifi yangu yuko tayari kufunga meza yake siku hiyo.

Shangazi wa mwanafunzi,
Morogoro