Maji ya mdogo wako yachemshwe

Goma, Jumapili jioni

Mama Mapacha mpendwa,

Ujumbe wako niliupokea bandarini, nikausoma nikiwa bado nimesimama. Unasema mdogo wako anaharisha wiki ya tano sasa, nguo zinamvuka, na ameacha ARV, dawa zake za VVU, kwa sababu mama mkwe wake anasema ndizo zinazomkausha. Ndugu yangu, nakuomba sana: kesho asubuhi arudi kwa waliompa dawa, awaambie ukweli, wamwanzishe tena.

Kaka yangu alipita njia hiyohiyo. Unakumbuka alivyobaki mifupa. Walimpima choo mara tatu, na mara zote tatu karatasi ikarudi "hakuna mdudu". Mara ya nne mzee mmoja wa maabara akakipaka kile choo rangi ya Ziehl-Neelsen iliyobadilishwa kidogo, inayofanana na ya kupimia kifua kikuu, akaniita nichungulie kwenye darubini. Niliviona kwa macho yangu: viduara vya waridi vimetapakaa juu ya samawati. Akaniambia vikipangwa foleni, mia mbili ndiyo vinafika milimita moja. Mdudu huyo anaitwa kriptosporidiumu. Bila rangi hiyo hupita mtu asimwone, na kwa kawaida haipakwi mpaka iombwe. Basi iombeni, msione haya.

Akikutwa na isospora badala yake, mdudu mwingine wa kuharisha, atatibiwa kwa vidonge vya Bactrim, apone. Lakini kriptosporidiumu, kwa mtu ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga kwenye damu, zimeshuka chini ya 100, hana dawa ya kutegemea. Anayemfukuza ni kinga ya mwili ikirudi, na kinga inarudishwa na hizohizo ARV alizozitupa. Ndiyo maana nimekosa usingizi tangu nisome maneno yako.

Halafu maji. Hapa kwetu ukichota ziwani, unakuta vijana ufukweni na sindano zao za klorini, wanadunga bidoni za maji moja baada ya nyingine. Inaua kipindupindu, Mungu awabariki. Huyu mdudu wetu ana ganda gumu, klorini haimfanyi kitu. Mwaka 1993 kule Milwaukee, Marekani, aliingia kwenye maji ya bomba, maji yenye klorini, watu kama 400,000 wakaugua. Kinachomuua ni moto. Maji yachemke mpaka yarukeruke dakika nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa, na hayohayo ndiyo ya kunywa, ya kupigia mswaki na ya kukorogea serumu ya chumvi na sukari. Serumu umpe kidogo kidogo, mchana na usiku. Na wewe unayemfulia mashuka, nawa kwa sabuni kila mara. Unalea watoto wadogo.

Najua bei ya makala ya kuwashia moto huko Bukavu. Nimenunua gunia moja, litakuja na boti ya Jumanne. Ni la maji yake tu, Mama Mapacha. Usilipikie sombe.

Ni mimi, rafiki yako wa tangu shule ya msingi.