Mlima tunao, ukingo wa barabara hatuna

Mhariri,

Kibanda changu kiko Kondele, hapa Kisumu, na riziki yangu ni baiskeli: kuziba pancha, kubadilisha friwili, kunyoosha rimu. Kabla ya spana nilikuwa boda boda, enzi zile abiria alikaa kwenye keria iliyoshonewa mto wa sifongo, ukamtoa Kondele ukamfikisha Kibuye kwa nguvu ya magoti yako. Pikipiki zilipokuja zilitunyang'anya abiria, magoti zikatuachia. Ndiyo sababu kila Jumapili ya pili ya mwezi mimi na vijana wanane hivi (idadi hutegemea nani ana tairi zima) tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, tunapitia Miwani, Chemelil, Nandi Hills, Kapsabet na Chavakali, kisha tunateremka nyumbani. Ni zaidi ya kilomita 150.

Tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, wateja wangu wote wamekuwa wataalamu. Mtu analeta tyubu ya shilingi mia tatu, anakaa saa nzima akinieleza jinsi Kenya nayo inavyopaswa kuandaa. Wanaume Kigali walikimbia kilomita 267.5 za vilima vitupu, na wengi walijitoa njiani. Sawa. Lakini anayedhani kwamba tunachokosa sisi ni vilima hajawahi kutoka Chemelil kwenda Nandi Hills bila injini. Tunachokosa ni ukingo wa barabara unaolingana na lami.

Nieleze njia yenyewe, kwa sababu wengi huipita wakisinzia kwenye matatu. Ukitoka Mamboleo ni tambarare ya Kano, miwa kushoto na kulia, na ukuta wa milima ya Nandi umesimama mkono wa kushoto muda wote kana kwamba unakusubiri. Alfajiri upepo hushuka kutoka mlimani kwenda ziwani, kwa hiyo unakupiga kifuani, na asiyejua hudhani baiskeli yake imekaza habu. Reli iliyofika ziwani mwaka wa 1901 inakusindikiza. Miwani unapita kiwanda kilichoanza 1922, kikazimika vijana wangu wengine wakiwa hawajazaliwa.

Chemelil tunasimama, tunakunywa chai kwa maandazi, kila mtu anakagua breki. Halafu tunaanza kupanda. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Nandi Hills inapita 2,000, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko kwenye kipande hiki kimoja. Miwa inakwisha, yanakuja mahindi, kisha ghafla majani ya chai yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi. Jasho linakugandia mgongoni. Katikati ya mlima unavuka ikweta. Nikiwaambia vijana hivyo hakuna anayegeuza hata kichwa, kila mtu anahesabu pumzi. Ukipata ujasiri wa kutazama nyuma unaona bonde lote la Nyando limelala chini, na mwisho wake ziwa linang'aa kama bati jipya. Mara mbili nimepitwa hapo na msichana anayekimbia kwa miguu. Mara ya pili alinisalimia "Chamgei" bila kuhema, nami sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Juu, Nandi Hills, tunapumzika karibu na kaburi la Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Kijana mmoja aliniuliza kosa lake lilikuwa nini. Nikamwambia, ile reli uliyokimbizana nayo asubuhi, huyu na watu wake waliwasumbua Waingereza walioileta kwa miaka kama kumi. Alinyamaza akala ndizi yake.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Mwezi wa tano mwaka jana, kabla hatujafika Chemelil, mpwa wangu alikuwa mbele yangu hatua ishirini hivi. Trekta ya miwa yenye trela mbili ilikuwa inakuja, na nyuma yetu lori likapiga honi. Akafanya kila mtu anachofanya: akasogea kushoto. Tairi la mbele likateleza nje ya lami, likadondoka. Lori likapita. Akajaribu kurudi barabarani taratibu, kwa pembe ndogo, na hapo ndipo ukingo ulipomkamata. Tairi lilijisugua kwenye ule ukuta wa lami, likakataa kupanda, usukani ukapinduka, naye akaenda chini kwa bega. Mtulinga ukavunjika. Rimu ilipinda ikawa umbo la nane. Ninayo mpaka leo, nimeitundika kibandani.

Tulipokuwa tunangoja gari la kumpeleka hospitali nilitoa spana namba 14 nikaisimamisha kando ya lami pale alipoangukia. Kichwa cha spana kilibaki chini ya usawa wa barabara. Hebu chukua spana hiyo uitazame, Mhariri, halafu ufikirie mtu anayeshuka urefu huo kwenye tairi jembamba kuliko kidole gumba.

Si siri inavyotokea. Barabara ikichakaa huwekwa lami juu ya lami, nayo inazidi kupanda. Udongo wa kando unabaki palepale, tena mvua inaula na magurudumu ya matrela yanaulegeza. Dawa yake haihitaji mashine kutoka ng'ambo: murram imwagwe kando, ishindiliwe mpaka ilingane na lami, na lami yenyewe iishie kwa mteremko, kama mdomo wa sahani, isikatwe wima kama ngazi. Tairi likitoka, litarudi. Wakandarasi wanajua kufanya hivyo. Mmoja aliwahi kunieleza mwenyewe nikimfungia mwanawe pedeli, akasema shida ni kwamba kazi hiyo haikuandikwa kwenye mkataba.

Na wasituambie kwamba huu ni mchezo wa vijana wenye suruali za kubana. Anayesukumwa ukingoni kila siku si mimi ninayepita mara moja kwa mwezi. Ni mwanamume wa kule juu mwenye mitungi ya maziwa imefungwa kwa mpira kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, anayeshuka kabla jua halijatoka. Ni mama mwenye kuni. Ni watoto wa shule wanaotembea watatu watatu wakishikana mikono. Wote hao honi ikilia husogea kushoto.

Kurudi ni hadithi nyingine. Kutoka Kapsabet kupitia Serem hadi Chavakali ni vilima vya kupanda na kushuka, vizuri kabisa, sina malalamiko makubwa. Lakini kutoka Chavakali kushuka Majengo mpaka Kiboswa kuna matuta ambayo rangi yake imefutika, yana rangi ileile ya lami, na jioni yakiwa kwenye kivuli cha miti unayaona yakiwa tayari chini ya tairi. Rangi nyeupe, jamani. Debe chache za rangi.

Makosa yetu nayo nitayataja, nisije nikaonekana wakili. Kuna vijana wanaoning'inia kwenye trela za miwa ili wavutwe mlimani; wangu nikimwona namwondoa kwenye msafara siku hiyohiyo. Wengine hushuka Kiboswa wakiwa wamebana breki tangu juu hadi chini, rimu inawaka, tyubu inapasuka, halafu wanalaumu tyubu za Kondele. Breki hubanwa ikaachiwa, ikabanwa ikaachiwa. Na mwenye Black Mamba ya breki za vyuma na mipira iliyoisha asinifuate kabisa.

Tumejaribu kuuliza. Njia yetu inakata kaunti tatu, Kisumu, Nandi na Vihiga, na kila ofisi tuliyoingia ilituonyesha mlango wa ofisi nyingine. Mwaka juzi mgeni kutoka Uingereza alikuja kibandani kubadilisha spoku mbili, akanionyesha kwenye simu picha ya kilima cha kwao Yorkshire kiitwacho Rosedale Chimney, kati ya nyika za baridi zisizo na mti. Penye ukali zaidi kinapanda mita 1 kwa kila mita 3. Ni kifupi, ukilinganisha na chetu ni kama ngazi ya darini. Lakini chini yake kuna kibao kinachomwambia mpita njia ukali wa mlima unaomngoja, na watu hutoka mbali kuja kukipanda kwa sababu tu kinajulikana. Chetu hakina hata jina. Sisi tunakiita "Nyumba ya Magoti".

Mpwa wangu alipona, ingawa bega moja limekaa juu kidogo kuliko lingine. Jumapili ya pili ya mwezi ujao tunaondoka naye tena. Mhandisi yeyote wa barabara, wa kaunti au wa serikali kuu, anakaribishwa. Ninayo baiskeli ya ziada. Kiti chake kimechanika kidogo, lakini breki nimezifunga jana. Saa kumi na moja kamili, Kondele, upande wa kwenda Mamboleo. Aje na spana namba 14.

Fundi wa Baiskeli,
Kondele, Kisumu