Huku Perth, Australia, upepo unaitwa Daktari

Mama,

Assalamu alaykum. Shikamoo, na baba mfikishie yake. Mimi sijambo. Kazi naendelea nayo pale pale ghalani, tunapanga mboga na matunda ya kupelekwa madukani. Simu ya wiki jana ilikatikakatika, nikaona bora nikae niandike, mdogo wangu akusomee.

Uliniuliza Kiingereza kinanitia tabu gani na hali nimekisoma tangu shule. Mama, kile cha daftari ninacho. Cha huku kina chumvi yake. Siku ya kwanza kazini msimamizi aliniambia, "How ya going?" Nikasikia ananiuliza naendaje, nikamjibu: kwa basi. Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Usiku kitandani nikayageuza yale maneno kwa Kiswahili, nikashtuka. Ni "unaendeleaje" yetu hii hii! Mtu alikuwa ananijulia hali, nami sikumjibu wala sikumuuliza yake. Kesho yake nilimtafuta mapema, nikamsalimia mimi kwanza.

Halafu wanapenda kukata maneno. Alasiri ni "arvo", kituo cha mafuta ni "servo", Fremantle, mji wa bandari hapa jirani, ni "Freo", na mapumziko mafupi ya kazini ni "smoko" hata kwa asiyevuta sigara. Ndala wanaziita "thongs". Na ukialikwa "tea" usiende umeshiba, maana mara nyingi ni chakula cha usiku. "Yeah, nah" maana yake hapana, ila hapana ya kistaarabu, kama sisi tunavyomwambia mtu "tutaona, inshallah".

Lakini neno lililonigusa ni Daktari. Januari joto lilipita nyuzi 40. Mchana mmoja tulikuwa mlangoni tunapakia lori, bati juu linawaka, mara mzee mmoja akachungulia nje akasema Daktari leo kachelewa. Mwenzake akasema atafika tu. Mimi moyo ukanienda mbio, nikajua kuna mtu kaanguka kwa joto. Nikauliza ni nani anaumwa. Yule mzee akaniwekea mkono begani, akanionyesha upande wa magharibi, akasema ngoja. Haikupita saa, mifuko mitupu ya nailoni ikaanza kutembea sakafuni, kisha upepo ukaingia mzima mzima, wa baridi, una harufu ya chumvi. Jasho likakauka shingoni. Kumbe Daktari ndiye huyu. Wakati wa kiangazi bara likishika moto hewa yake hupanda, na ile ya baharini huja kuziba nafasi, inapitia Fremantle ndipo itufikie sisi. Kwa hiyo wanauita "Fremantle Doctor". Nilifumba macho nikajiona nimekaa ufukweni Raskazone, kwetu Tanga.

Sasa nikupe la sahani. Bibi jirani yangu alifanya karamu ndogo, ujumbe wake ukasema "bring a plate", yaani njoo na sahani. Nikafikiri ana wageni wengi kuliko vyombo. Nikaosha sahani zangu mbili, nikazifunga kwa kitambaa, nikaenda. Kufika, kila mtu ana sahani ya chakula alichopika kwake, nami zangu tupu. Mama, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka mezani kama zilikuwa zinangojewa. Wakati wa kuondoka akanirudishia zote zimejaa, keki huku, viazi huku, ndipo akanieleza taratibu pale mlangoni maana ya lile neno. Nikamwambia kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Akaniomba nirudie tena hiyo kauli, akaishika.

Kuhusu swala, ondoa wasiwasi. Ijumaa nikipata nafasi naenda msikiti wa mtaa wa William. Ni wa zamani, jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1905, na waliouanzisha walikuwa Waislamu waliokuja na ngamia kutoka pande za Afghanistan na India, wakisafirisha mizigo jangwani kabla ya malori. Nilipoyasikia hayo nilifurahi mno. Mtoto wa mtaa wa Ngamiani nasali kwenye msikiti wa watu wa ngamia! Mwambie baba, najua atapenda.

Jioni nisipokuwa kazini nashuka ufukwe wa Cottesloe. Huko kwetu jua linatoka baharini. Huku linazama baharini, na bahari ni ile ile moja. Nikilitazama linavyoshuka, kwenu linakuwa bado liko juu, maana huku tuko mbele kwa saa tano. Kwa hiyo msinipigie saa tano usiku, huku inakuwa saa kumi alfajiri. Nipigieni alasiri mkishasali.

La mwisho, nataka msaada wa shangazi. Bibi kanialika tena Jumapili ya mwisho wa mwezi, na safari hii nataka kwenda na mkate wa kumimina. Nimejaribu kwa tui la kopo. Iliki imekubali, lakini mkate umejaa pembeni, katikati umebaki bonde. Muulize mchele anauloweka kwa muda gani, hamira anapima vipi, na moto wa juu anauweka saa ngapi. Mdogo wangu amrekodi anavyoeleza, asimkatize.

Wasalimie wote, na mjomba Pangani.

Mwanao